Mlango wa vipepeo: kisa cha magofu ya Gede na majirani zake

Ukishuka kwenye matatu pale njia panda ya Gede, kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi mjini, ukafuata barabara ya Watamu kidogo kisha ukakata kuingia kwenye miti, utafika lango la magofu. Asubuhi ya siku ya shule lango hilo hupokea watu wa namna mbili. Wapo wanaoteremka kwenye mabasi, wanafunzi waliopigwa pasi vizuri, mwalimu mbele na mwingine nyuma, na watalii wenye kofia pana. Na wapo wanaokuja kwa miguu au kwa bodaboda kutoka vijiji vilivyo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wengi wao kina mama, wameshika vikasha vidogo kwa adabu ile ile mtu anayobebea trei ya mayai. Hawa hawaendi kwenye magofu. Wanapinda kando, wanaingia kwenye jengo la mradi wa Kipepeo, unaonunua vipepeo wachanga kwa wakulima na kuwauza ng'ambo, wanafungua vikasha mezani, na ndani mna vitu vinavyofanana na majani makavu yaliyojikunja.

Mama yangu alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Karo yangu ya sekondari, sehemu yake kubwa, ilitoka kwenye vikasha hivyo. Lakini katika miaka yote hiyo ya kuingia na kutoka lango lile, hakuwahi kupiga hatua chache zaidi akauone mji wenyewe. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akanijibu huku anakung'uta kanga yake, "Kule ni kwa wageni, mwanangu. Sisi kwetu ni huku kwa vipepeo."

Jibu hilo nimelibeba tangu siku ile. Ndani yake mna jambo kubwa ambalo makumbusho ya Gede yamelifanya, tena si makumbusho mengi duniani yanayoweza kusema yamelifanya: mwanamke wa Kigiriama asiye na cheti chochote anatamka "kwetu" akiwa ndani ya ua la makumbusho. Na ndani yake mna deni. Kisa hiki nakichambua kwa sababu ya yote mawili, na kwa sababu tangu mwaka 2024 Gede si magofu ya Kilifi peke yake tena. Imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mambo yanayoamuliwa sasa hivi ndiyo yatakayosema ule mlango wa pembeni utapanuka au utafungwa.

Mji na watu walioukuta

Gede ulikuwa mji wa Waswahili. Watu waliishi pale tangu karne ya 12 hivi, mji ukashamiri sana katika karne ya 15, ukaja kuhamwa katika karne ya 17. Ulikuwa na msikiti wa jamia, jumba la mtawala, nyumba za mawe ya matumbawe zenye vyoo na mifereji, visima virefu, na kuta za kuuzunguka. Kaburi moja limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ndani ya nyumba zile wachimbaji waliokota vyombo vya Kichina, shanga, makasi, na hata leo nyumba zinaitwa kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Mpaka leo watafiti wanashangaa kwamba Wareno, waliokaa Malindi miaka mingi, hawakuacha neno lolote la wazi kuhusu mji uliokuwa karibu nao kiasi hiki.

Msitu ulipoumeza mji, ukabaki hivyo kwa vizazi. John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar alipita mwaka 1884. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliufanya hifadhi, na mwaka huo huo James Kirkman akaanza kuchimba, kazi iliyomchukua miaka kama kumi. Mwaka 1969 magofu yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hiyo ndiyo historia inayosomwa kwenye vibao. Majirani wana yao. Wagiriama waliosambaa kutoka makaya yao ya bara, yaani vijiji vyao vya kale vilivyozungukwa na msitu, kuelekea pwani na kuja kulima pande hizi waliyakuta magofu tayari yamo ndani ya miti. Hawe yangu, mama mzaa mama, alikuwa akisema kuna mahali hapo mtu haokoti kuni hata kama jiko limezima. Hakutaja sababu kwa mapana. Alisema tu pana wenyewe. Watoto tulielewa kwamba wenyewe hao hawaonekani.

Juu ya hofu hiyo kukaongezwa maelezo ya kitaalamu yaliyowaweka mbali zaidi. Kirkman, katika kichwa cha ripoti yake ya mwaka 1954, aliuita Gede mji wa Kiarabu. Ndivyo tulivyofundishwa muda mrefu: wageni walikuja, wakajenga, wakaondoka. Kwa mkulima wa Mijomboni au Nyari hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mawe yale hayamhusu. Baadaye watafiti wa Kiafrika, kina Chapurukha Kusimba na George Abungu kati yao, pamoja na wenzao wa nje, walionyesha picha nyingine. Miji hii ilikua kutoka kwa watu wa pwani wenyewe. Wingi wa vyungu vinavyochimbuliwa ni vya kienyeji, na miji iliishi kwa kubadilishana na watu wa bara mazao, pembe, ngozi na gundi. Yaani mababu wa watu wa nyuma ya msitu walikuwa ndani ya biashara ya mji hata kama hawakulala ndani ya kuta zake. Lakini fikra iliyokaa vichwani miaka hamsini haiondoki kwa makala za chuo kikuu. Mama hakuzisoma.

Msitu uliotakiwa ukatwe

Hapa lazima nielezee msitu, maana kisa kizima kimekaa juu yake. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake wamo bundi wadogo wa Sokoke, ndege mnana wa Clarke ambaye hujulikana Kilifi peke yake, yule sange mwenye kiuno cha dhahabu, na aina zaidi ya 200 za vipepeo. Wataalamu wanaupenda kupita kiasi.

Sisi tuliokaa kando yake tulikuwa na sababu zetu za kutoupenda. Ndovu walitoka usiku na kula mahindi ya miezi minne kwa saa mbili. Nyani walikuja mchana, hata haya hawana. Nakumbuka kulala shambani kwenye kibanda cha makuti na ndugu zangu, debe na fimbo mkononi, tupige kelele mpaka asubuhi kisha twende shule. Ukiingia msituni kukata fito ukakutana na askari wa misitu, umekwisha. Utafiti uliofanywa mwaka 1991 kwa wakulima wa pembezoni ulikuta wengi wao wanataka msitu ukatwe, ardhi igawiwe watu walime. Sishangai hata kidogo. Kama ningekuwa mtu mzima wakati ule ningejibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo picha ya mwanzo wa miaka ya 1990 ni hii: makumbusho yanalinda magofu ambayo majirani wanayaogopa na wameambiwa si yao, karibu kabisa na msitu ambao majirani hao hao wanataka uondoke. Ungeniuliza siku hiyo makumbusho ya Gede yanamhudumia nani, ningesema mgeni wa hoteli ya Watamu na mtoto wa shule kutoka mbali.

Mwaka 1993 ndipo mradi wa Kipepeo ulipoanzishwa, ukiongozwa na Ian Gordon, mtaalamu wa vipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa na Chama cha Maumbile cha Afrika Mashariki, kwa msaada mdogo wa fedha za mazingira zilizopitia Umoja wa Mataifa. Wazo lilikuwa jepesi kulisema. Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio waone vipepeo wa nchi za joto wakiruka. Vipepeo hao huishi muda mfupi, kwa hiyo nyumba hizo zinahitaji wapya kila wiki. Arabuko-Sokoke unao. Walee wakulima, anunue mradi, upeleke nje. Na ofisi ikawekwa hapo hapo kwenye ua la magofu.

Kazi yenyewe

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu wanaosifia mradi huu kwenye mikutano mara nyingi hawajui kazi ilivyo, nami nimekulia ndani yake.

Unaanza na jike. Wengine hunaswa kwa wavu wa mkono, wengine kwa mtego: silinda ya chandarua iliyotundikwa kwenye tawi, chini yake kisahani cha ndizi zilizochacha. Wale vipepeo wakubwa wenye mikia, wenye mbio, ndizi iliyooza wanaipenda kuliko ua lolote. Jike anawekwa kwenye kizimba cha wavu pamoja na mche wa mti anaoutaka yeye. Hapo ndipo elimu inapoanza, maana kipepeo hatagi popote. Kila aina ina mti wake. Wa mndimu hatagi kwenye mstafeli. Wa mstafeli hatagi kwenye mbambakofi. Ukikosea mche, jike anakufa na mayai tumboni.

Mayai yakishaanguliwa, viwavi wanafungiwa juu ya tawi la mti wao kwa mfuko mrefu wa chandarua uliofungwa pande zote mbili, kama soksi iliyokatwa kidole. Wanakula usiku na mchana. Wakimaliza tawi unawahamisha, kwa mkono, mmoja mmoja. Adui ni wengi: siafu, mijusi, buibui, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi akiwa hai, na magonjwa yanayomgeuza kiwavi kuwa maji meusi kwa siku moja. Mama alikuwa akipaka grisi kwenye miguu ya meza ya kizimba ili chungu wasipande. Akiamka usiku kwenda msalani, alikuwa anapitia kwa viwavi kwanza.

Baada ya wiki mbili tatu kiwavi anaacha kula, anatangatanga, anajining'iniza na kugeuka pupa, yaani ganda ambalo ndani yake anakuwa kipepeo. Wafugaji wote husema pupa, neno la kigeni ambalo halina undugu na pupa ya mlafi. Kuanzia dakika hiyo saa inakwenda. Kutegemea aina na joto, baada ya wiki moja au mbili kipepeo atatoka, na akitokea ndani ya kasha huyo si mali tena. Ndiyo maana vikasha vinafika Gede mapema, pupa zinakaguliwa, zinahesabiwa kwa aina, zinapangwa ndani ya pamba, na zinatakiwa ziwe ndani ya ndege haraka. Zilizobonyea, zenye doa, zilizo nyepesi kupita kiasi haziendi. Kina mama walijifunza kuzitambua wenyewe nyumbani, wakaacha kuzileta.

Kuna kiwavi mmoja ambaye kwangu ndiye anayebeba kisa chote. Ni yule wa mndimu. Akiwa mdogo anafanana kabisa na mavi ya ndege, akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Kabla ya mradi, mama alikuwa akituita watoto tuje tuwaponde kwa jiwe, maana walikuwa wanamaliza ndimu zake. Baada ya mradi alipanda mindimu zaidi, na ole wako umguse kiwavi. Kiwavi ni yule yule, mti ni ule ule, mwanamke ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kuna mahali pa kumpeleka, na watu huko wanaomjua kwa jina.

Nini kilibadilika, nini hakikubadilika

Fedha zilikuja. Hazikuwa za kujenga ghorofa, zilikuwa za karo, unga, bati la paa, mbuzi wawili. Ziliingia mikononi mwa wanawake wengi, na hilo lilikuwa na uzito wake nyumbani: baba yangu, mtu mzuri lakini wa zamani, alianza kuuliza kabla ya kuuza kitu. Tafiti za baadaye zilikuta mawazo ya wafugaji kuhusu msitu yamegeuka. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kulipozuka shinikizo la kukata kipande cha msitu upande wa Kararacha kigawiwe watu, wafugaji wa vipepeo walikuwa kati ya waliopinga. Watu wale wale ambao miaka michache nyuma walitaka mashoka. Mradi ukaongeza asali na bidhaa nyingine, na vikundi vingine vya pwani na kwingineko nchini vikaja kujifunza.

Sitaki kupamba. Soko la pupa lina mpaka. Nyumba za vipepeo duniani haziongezeki kila mwaka, na mnunuzi akitaka aina tatu wiki hii hawezi kulazimishwa achukue ya nne. Kwa hiyo mradi haukuweza kumwajiri kila mtu aliyepakana na msitu, na wa mbali na lango walipata shida zaidi kuliko wa karibu. Kiangazi kikali majani hukauka na viwavi hupungua. Mwaka 2020 nyumba za vipepeo za ng'ambo zilipofungwa kwa sababu ya korona na ndege kukaa chini, pupa zilikosa pa kwenda. Vipepeo walitoka wakaruka bure juu ya mashamba yetu. Walipendeza kweli, na mama alikaa kwenye kizingiti akawatazama bila kusema neno. Na ndovu bado wapo, japo pande nyingi pamewekwa ua wa umeme.

Je, hii ni kazi ya makumbusho?

Nimesikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu: kazi ya makumbusho ni kutunza na kuonyesha vya kale, biashara ya wadudu iende kwa chama cha ushirika. Nimeifikiria sana, na naona imekosea mahali pawili.

Kwanza, makumbusho yenyewe ya Kenya yalizaliwa na watu wa maumbile. Chama kilichoyaanzisha Nairobi mwaka 1910 ndicho kizazi cha mwanzo cha chama kile kile kilichosaidia Kipepeo. Walikuwa wanakusanya wadudu, ndege na mimea wakahitaji pa kuviweka. Tofauti ni kwamba zamani aliyekusanya alikuwa mkubwa wa kikoloni na aliyeshika wavu alikuwa kibarua asiyeandikwa jina. Gede, aliyeshika wavu ndiye anayelipwa, na daftari lina jina lake.

Pili, na hili ndilo la msingi zaidi kwangu: ujuzi uliozalishwa pale ni wa kimakumbusho hasa. Mama anajua majina ya kisayansi ya vipepeo zaidi ya kumi, anayatamka kwa lafudhi ya Kigiriama, na pamoja nayo anajua majina ya Kigiriama ya miti yao, ambayo mengine hayamo kwenye kamusi yoyote. Mtaalamu alikuja na nusu, mkulima akaja na nusu. Hiyo ni hifadhi ya urithi kama ilivyo kuliosha bakuli la Kichina na kuliweka kwenye kioo.

Ukienda Malindi mjini, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004 ndani ya lile jumba la zamani la nguzo ufukweni, utaona samaki aina ya silakanti, yule aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za madinosari, aliyenaswa na nyavu za meli ya uvuvi karibu na hapo mwaka 2001. Wavuvi wengi ninaowajua wamekwenda kumtazama, wengine mara kadhaa, na humo ndani hubishana kwa sauti kuhusu kina na mikondo. Hawaendi kwa ajili ya kibao. Wanakwenda kwa sababu kitu kimetoka kwenye kazi wanayoijua, na wana la kusema juu yake. Mtu huingia makumbusho akiwa na kitu mkononi au na neno mdomoni. Akiwa hana vyote viwili, anapita nje.

Mlango wa pili

Sasa nirudi kwenye deni. Mlango wa vipepeo ulifunguka, wa historia ukabaki wazi nusu. Naamini moja ya sababu ni kwamba vilikaa kama vitu viwili, huku maumbile, kule mambo ya kale, njia ya changarawe katikati.

Julai 2024, kikao cha UNESCO kilichokaa New Delhi kiliiandikisha Gede, na ikawa ya nane kwa Kenya. Kati ya nane hizo, nne ni za pwani: Lamu, makaya ya Mijikenda, Fort Jesus na sasa Gede. Nilifurahi mpaka nikapigia simu watu wasiohusika. Halafu nikaanza kuwaza. Cheo hiki huja na masharti ya ulinzi, mipaka ya eneo, mipango ya kudhibiti ujenzi, na huja na wageni. Yote yanahitajika, maana Gede na Watamu zinajengwa kwa kasi. Lakini masharti hayo yakiandikwa na watu wasiowahi kuona kikasha cha pupa, ni rahisi sana mfugaji akaonekana mtu wa kupitisha kando ili lango libaki safi.

Katiba ya 2010 imegawa kazi hii: majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa taifa yako kwa serikali kuu, na makumbusho yametajwa kati ya kazi za kaunti. Nafasi ipo hapo katikati. Serikali kuu ilinde mawe. Kaunti ya Kilifi, ambayo ndiyo iliyo karibu na watu hawa, ishike upande wa kuwaleta. Ningependa kuona siku maalumu katika mwaka ambapo wafugaji na jamaa zao wanatembezwa magofu kwa Kigiriama, na mwongozaji awe amekulia vijiji hivi. Ningependa kando ya msikiti wa jamia pawekwe maelezo ya biashara kati ya mji na watu wa bara, kwa lugha ambayo mtu wa Dida ataisoma na kuona babu yake alikuwamo. Na ningependa miti ya magofu ipewe majina yake matatu, la kisayansi, la Kiswahili na la Kigiriama, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mti unavyoweza kumwingiza mtu mahali ambapo jiwe limeshindwa.

Hilo nililiona mwaka jana. Nilimwomba mama anisindikize ndani, si kwa vipepeo, ndani kabisa. Alisita, akafunga kanga upya, akaja. Njia nzima alinyamaza. Kwenye kaburi la mwaka 802 alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa kama anavyofanya akipita makaburi ya kwetu. Kisima alikichungulia, akatikisa kichwa kwa urefu wake, akauliza walikuwa wanavutia maji kwa kamba ya nini. Sikujua. Nilijaribu kumweleza habari za jumba la mtawala, akawa ananisikiliza kwa heshima tu, kama anavyomsikiliza mhubiri wa kanisa lisilo lake.

Kisha tukafika mahali mbambakofi mchanga umeota karibu na ukuta. Akasimama. Akavuta tawi, akageuza jani, akageuza la pili, akasogeza uso karibu.

"Wapo," akasema. "Tazama hapa palipoliwa. Wa leo huyu, au wa jana."

Akaanza kutafuta. Akazunguka ukuta, akaingia chumba cha pili cha nyumba ile, akatokea upande wa mlango wenye upinde, anaangalia miti iliyomo ndani na ile inayoinamia kuta, anaitaja mmoja mmoja, huu wa fulani, huu wa fulani, huu hana kitu. Kijana mmoja mwenye kundi la wanafunzi alisimamisha watoto wake wakaja kusikiliza. Mama hakuwaona mara moja. Alipogeuka akakuta nyuso thelathini zinamtazama, aliona haya, halafu akashusha tawi mpaka kwenye kimo cha mtoto wa mbele na kumwonyesha ni wapi pa kuangalia.

Tulitoka pale jua limeshapita utosini. Kwenye njia ya changarawe aliniuliza kama watu wa mji ule nao walikuwa na mindimu.